Kitambi Huizuia Insulini



Mtu akinenepa husifiwa kwamba amenawiri. Lakini mafuta ya tumboni, hasa yale yanayozunguka ini na matumbo, ni chanzo kikubwa cha kisukari kwa watu wazima.

INSULINI HUFANYA KAZI GANI?

Ugali, wali, ndizi na viazi tukishakula hugeuka sukari na kuingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo ni kama ufunguo wa kuiingiza sukari hiyo mwilini itumike kuleta nguvu. Inayozidi huwekwa akiba, na sehemu yake huwa mafuta. Anayekula mara kwa mara na kukaa tu hapati nafasi ya kuitumia akiba hiyo.

Mafuta yakizidi, ufunguo huanza kukwama. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, miaka na miaka, hata likachoka. Sukari hubaki katika damu bila maumivu yoyote. Ndiyo maana wengine hufika hospitali wakiwa tayari na kidonda cha mguu kisichopona, au macho yamepungua nguvu.

MAZOEZI HUSAIDIAJE?

Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu hata kama insulini ni dhaifu. Faida hiyo huendelea saa nyingi baadaye. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kuugua, ulionyesha kwamba kutembea dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa juma, pamoja na kupunguza uzito kidogo, kulipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali au wali, robo maharagwe, samaki au nyama.

2. Tunywe maji. Chupa moja ya soda huwa na sukari kama vijiko 7 au 8 vya chai.

3. Tusilale mara baada ya kula, tutembee kidogo.

4. Tupime kiuno. Kikizidi sentimita 80 kwa mama, au 94 kwa baba, tukapime sukari.

TAHADHARI

Anayetumia sindano za insulini au vidonge asiache dawa kwa kuwa amepungua uzito, wala asifunge Kwaresima kabla ya kumwona daktari. Sukari yaweza kushuka ghafla. Akitoka jasho, akitetemeka au kuchanganyikiwa, apewe maji ya sukari mara moja kama anaweza kumeza. Kama hawezi, akimbizwe hospitali. Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga chakula. Anaweza kutimiza toba yake kwa sala na matendo ya huruma.

Na mtoto anayekonda, anayekunywa maji mno na kukojoa sana, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kisukari cha watoto wengi hakitokani na unene, na bila insulini hawawezi kuishi.