Masomo ni Bure, Lakini Mtoto Yuko Karieri

Weye unayekaa Kolwezi, Likasi ao Kipushi, asubuhi uangalie njia vizuri. Watoto wa iniforme wanapita. Lakini kuna wengine wanaoenda upande mwingine, na mfuko kwa bega. Hao wanaenda karieri, kuokota mawe na kuyasafisha majini. Unawajua. Pengine mmoja ni wa jirani yako.

Mtu atasema: «Si masomo ya primeri ni bure?» Ni kweli. Katiba ya 2006 iliandika vile, na tangu mwezi wa 9, 2019 Serikali ilianza kuitekeleza katika masomo yake. Wazazi wakubwa wanakumbuka namna ilivyokuwa. Kisha migomo ya walimu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi ndio waliolipa walimu, ile tuliyoita «prime». Mtoto asiyelipa alirudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Na Gécamines, iliyosomesha watoto wa wafanyakazi wake, ilianguka miaka ile ile.

Minervali ya primeri iliondoka, umaskini ukabaki. Kaye, biki, viatu, iniforme: ni mzazi anayenunua. Sekondari haikuingia katika ule uamuzi wa 2019. Na makalasi yakajaa sana, hata mwalimu mzuri haoni tena mtoto aliyebaki nyuma.

Halafu kuna njaa ya leo. Karieri inatoa feza jioni ile ile. Masomo yatatoa kisha miaka 12. Sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inakataza kazi za hatari, lakini mama asiye na unga ya bukari, usimuhukumu mbio. Anajua kuhesabu, tena sana.

Ila mtoto haachi masomo siku moja. Anakosa siku mbili, juu kaye imeisha. Anaporudi, wenzake wamepita mbele. Mwalimu anamuuliza, hana jibu, wanamcheka. Juma lingine anakosa siku tano. Akifika miaka 13, akikaa kalasi ya tatu pamoja na wadogo wa miaka 8, haya ndiyo inayomtoa, kuliko hata feza.

Basi tuanzie zile siku mbili. Jirani, umuulize: «Mwana, juu ya nini hukuenda leo?» Kama ni kaye, ni kaye moja tu! Wamama wa likelemba wanaweza kutenga kidogo kila zamu, wanunue makaye ya watoto wote mbele ya mwezi wa 9.

Na weye kijana wa sekondari, feza huna, lakini Kifransa unacho. Wadogo wanaanza kwa Kiswahili, kisha Kifransa kinaingia, na wengi wanapotea pale. Kaa na watatu ao wane, saa moja mbele ya giza. Mama asiyejua kusoma naye amwambie mtoto: «Unielezee kwa Kiswahili ile mulisoma leo.» Akishindwa kueleza, mama amejua, bila kufungua kaye.

Na yule wa miaka 13? Uulize kama karibu yako kuna santri ya «rattrapage». Pale miaka 6 ya primeri inafanywa kwa miaka 3, na mtoto anakaa na wa umri wake. Siku ya kwanza umpeleke weye mwenyewe, mpaka kwa direktere. Ukimtuma peke yake, atakutana njiani na wenzake wa karieri.