Friji Bovu Linapototoa Vifaranga

Kompresa ikishakufa, friji hubaki kabati zito linalojaza nafasi jikoni bure. Mnunuzi wa vyuma chakavu hulitaka kwa kilo. Lakini Nyakato, upande wa Mwanza wenye viwanda na chuo cha VETA, kama kwingineko Tanzania penye wafugaji wa kuku, linaweza kumfaa mtu mwingine: fundi wa mashine za kutotolesha. Huyu, kompresa haimhusu. Anachotaka ni kuta.

Kati ya bati la nje na plastiki ya ndani mna sponji ngumu iliyowekwa ili joto lisiingie. Sponji hiyohiyo huzuia joto lisitoke, na mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 bila kuyumba kwa siku 21. Boksi la mbao nyembamba huvujisha joto usiku kucha. Friji ambalo mpira wa mlango bado mzima hulitunza kwa muda hata umeme ukikatika, mradi watu wasifungue fungue mlango kuchungulia.

Joto hutoka kwenye taa, na hapo ndipo wengi hukwama siku hizi. Taa ya LED ya wati 9, inayosifiwa kwa kubana uniti za LUKU, haitoi joto la maana. Fundi husaka globu za zamani, ambazo zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake huishia kuwa joto. Aibu ya globu sebuleni imegeuka sifa bandani! Mbili za wati 60, zikiwaka nusu ya muda, hula takriban uniti 30 kwa siku zote 21. Themostati huziwasha na kuzizima, feni iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu husambaza joto, bakuli la maji hutoa unyevu. Mayai hugeuzwa walau mara tatu kwa siku, na kuanzia siku ya 18 huachwa yatulie.

Friji halipitishi hewa, ilhali kifaranga huvuta hewa angali ndani ya yai. Sharti litobolewe. Lakini kuta za mafriji mengi zina mabomba ya gesi yaliyofichwa, na mengi ya sasa hutumia R600a, gesi inayoshika moto. Lebo ya nyuma huitaja. Ndiyo maana fundi mzoefu huhakikisha kwanza gesi imetolewa na fundi wa majokofu, kisha hutoboa mlangoni, ambako kwa kawaida hakuna bomba.

Inabaki volti 230 ndani ya kabati la bati lenye maji, linalofunguliwa kila siku na mtu ambaye huenda yuko pekupeku. Waya wa ethi, wa kijani na njano, mara nyingi hukatwa pamoja na kompresa, na plagi ya pini mbili ikawekwa. Mashine itafanya kazi vizuri tu, hadi siku waya wa moto utakapochubuka na kugusa bati. Na kama nyumba yenyewe haina ethi, plagi ya pini tatu haisaidii. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA.

Anayeagiza mashine ya namna hii aombe aonyeshwe, kabla ya kulipa, ethi imefungwa wapi kwenye bati na hewa inaingilia wapi. Fundi akibabaika, mayai yabaki kwanza kwenye trei.