Vipima unyevu vyaweza kuokoa maji na mafuta Tana River

KWA mkulima wa Garsen au Bura, Kaunti ya Tana River, kuwa karibu na mto hakumaanishi kuwa na maji shambani. Maji yanayovutwa kwa pampu kutoka Mto Tana hulipiwa mafuta.

Historia ya eneo hilo yathibitisha ugumu huo. Mradi wa unyunyiziaji wa Hola, ulioanzishwa mwaka wa 1953, ulikwama mwaka wa 1989 mto ulipobadili mkondo. Mradi wa Bura nao ulitegemea kwa miaka mingi pampu za dizeli zilizowekwa Nanigi.

Hata hivyo, maji hupotea pia yakishafika shambani. Mkulima anayekisia kwa kutazama uso wa udongo hudanganyika, kwani jua huukausha upesi ilhali chini, penye mizizi, unyevu ungalipo. Maji ya ziada huzama yakibeba mbolea. Isitoshe, ardhi isiyo na mitaro ya kuyaondoa huweza kujaa chumvi.

Kipima unyevu huondoa kukisia huko. Kifaa hicho hufukiwa penye mizizi na kupima jinsi udongo unavyopitisha umeme hafifu, kwani udongo ulioloa huupitisha kwa urahisi kuliko uliokauka. Habari hizo hupelekwa kwa kidhibiti kinachotumia betri au nishati ya jua. Unyevu ukipungua kupita kiwango kilichowekwa, kidhibiti huwasha pampu au kufungua vali, ukitosha, hufunga.

Si lazima kuanza na mtambo kamili. Katika mradi wa Kiwere, mkoani Iringa nchini Tanzania, wakulima walipewa katika miaka ya 2010 vifaa viitwavyo Chameleon, vilivyobuniwa Australia. Taa ya samawati huonyesha udongo umeloa, ya kijani kwamba unyevu watosha, na nyekundu kwamba umekauka. Aliyefunga mfereji ni mkulima mwenyewe, na wengi walipunguza idadi ya siku za kumwagilia huku mavuno yakiongezeka.

Tana River ina masharti yake. Udongo wa mfinyanzi wa delta hupasuka unapokauka, na kifaa kilichoangukia ufa hupima hewa. Kadhalika, kiwango kinachofaa mfinyanzi hakifai kichanga, hivyo kila shamba lahitaji kupimwa kivyake. Mpunga unaokuzwa ndani ya maji hautanufaika sana. Wanaofaidika ni wakulima wa mahindi, nyanya, matikitimaji na maembe.

Aidha, mafuriko kama yale ya 2024 huweza kuzoa mitambo, kwa hivyo kidhibiti hufaa kuwekwa juu, mahali kinapoweza kung'olewa kwa haraka.

Wahenga walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Kwa mkulima wa Garsen, hata mafuta yaliyoyavuta maji hayo hayazoleki.