Chembe Nazo Zina Milango

Wasomaji wenzangu, kwetu Mji wa Kale biriani haipikwi bila samli. Je, mwajua mwilini inakuwaje?

Kolesteroli si sumu. Kila chembe huihitaji kujengea utando wake. Ikipungua, protini iitwayo SREBP huingia kwenye kiini na kuwasha jeni: nyingine za kuitengeneza, nyingine za kuunda milango ya kuivuta kutoka kwenye damu. Ikizidi, jeni hizo huzimwa na milango hupungua. Samli nyingi nayo huipunguza milango. Sasa basi, kolesteroli hubaki kwenye damu, mwisho ikaziba mishipa ya moyo.

Brown na Goldstein wa Marekani, waliogundua milango hiyo, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Jamani, sisemi tuache biriani. Nasema samli tuipime kwa kijiko.