Sahani Hairudi Tupu



Kila ninaponusa iliki wakati wa magharibi, humkumbuka marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, akiwa ameinama mbele ya seredani, akipanga makaa juu ya kifuniko cha sinia. Tulikuwa tukiishi Mji wa Kale, Mombasa, miaka ya 1970, na nyumbani kwetu Ramadhani haikuwa Ramadhani bila ya mkate wa sinia.

Usiku alikuwa akiroweka mchele. Asubuhi ulisagwa pamoja na tui zito la nazi, ukatiwa sukari, iliki na hamira, kisha rojo likafunikwa mpaka liumuke. Baada ya Alasiri lilimiminwa katika sinia lililopakwa samli, moto ukawekwa chini na juu. Sisi watoto, wenye saumu na wasio na saumu, tulikaa tukingojea harufu.

Lakini kipande cha kwanza hakikuwa chetu. Kilikuwa cha shangazi. Wakati ule yeye na baba walikuwa hawasemezani kwa sababu ya nyumba ya urithi. Mama alikitia kipande katika sahani ya bati yenye maua mekundu, akaifunika kwa kawa, akaniambia: "Mpelekee shangazi yako. Umwamkie, wala usiulize neno."

Shangazi aliipokea bila ya kutabasamu. Siku ya pili sahani ilirudi, na kamwe haikurudi tupu: mara visheti, mara tende, mara sukari tu. Ndiyo ada yetu watu wa pwani. Nilikuwa mdogo, sikufahamu kwamba wawili hawa walikuwa wameushika uzi mmoja ili usikatike.

Baba alifariki kabla ya kupatana na dada yake. Miaka mingi baadaye mama naye akatutoka. Ramadhani ya kwanza bila yake hakuna aliyepika mkate, wala aliyekumbuka sahani. Siku ya kumi mlango ukabishwa. Alikuwa mjukuu wa shangazi, mkononi ana sahani ile ya maua mekundu, imejaa visheti. "Bibi amesema sahani hii ya marehemu ilisalia kwake."

Tuliona haya. Dada yangu akasema ni lazima irudi na mkate wa mama. Akaupika, ukadoda. Akaupika tena, ukadoda tena. Mama alikuwa akipima kwa jicho na kiganja, na sote tuliokula mkate wake hatukuwahi kukaa naye jikoni tukamwuliza. Mwishowe dada akavaa buibui, akaenda kwa shangazi.

Bi kizee akacheka. "Mnatia tui la moto, nalo linaua hamira. Lingojeni lipoe mpaka likubali kidole." Alijua, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha mama mkate huo alipokuja kwetu bibi harusi. Miaka yote ile mama alikuwa akimrudishia mwalimu wake kazi ya mikono yake.

Jioni ile tulifuturu kwake. Baada ya Idi tukakaa kitako juu ya nyumba ile, na shangazi akapata fungu lake kama sheria ya Mwenyezi Mungu ilivyolipanga. Nakiri mbele yenu: mimi niliyekuwa nikiwasomesha watu mirathi, ya kwetu nilikuwa sijaigusa.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuwa muungaji wa udugu si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule anayeunga pale anapokatwa. Hadithi hiyo niliisoma chuoni, lakini niliyemwona akiitenda ni mama yangu, kwa kipande cha mkate.

Basi kina mama, waiteni binti zenu na wana wenu jikoni, wajue kipimo cha tui na sababu ya kila kitu. Wenye mama walio hai, waulizeni leo. Na kama iko nyumba ya jamaa ambayo sahani yenu haijafika siku nyingi, msingojee wao waanze. Mtumeni mtoto, naye aamkie kwa adabu.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia na aziunganishe nyoyo zetu. Amin.