Amri za Ukuaji katika Saratani ya Tumbo

Ukuta wa ndani wa tumbo hujijenga upya kila baada ya siku chache, kwa kuwa asidi na chakula huzichakaza seli zake, na ujenzi huo huongozwa na protini ndogo ziitwazo vichocheo vya ukuaji, ambazo seli huzitoa ili kuziarifu nyingine kwamba wakati wa kugawanyika umefika. Kichocheo hujishika kwenye kipokezi, yaani protini iliyopenya utando unaoizunguka seli, na kipokezi hicho huupeleka ujumbe ndani hadi kwenye kiini. Utafiti wa vichocheo hivyo uliwapatia Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Saratani huota pale amri hizo zinapokosa kikomo. Mara nyingi chanzo chake ni bakteria Helicobacter pylori, ambaye wanasayansi wa Australia Robin Warren na Barry Marshall walimhusisha na vidonda vya tumbo katika miaka ya 1980, na ambaye mwaka 1994 aliorodheshwa kimataifa miongoni mwa visababishi vya saratani. Huambukizwa zaidi utotoni, hasa penye msongamano na uhaba wa maji safi, na ingawa wengi walio naye hawapati saratani kamwe, kwa baadhi yao huuchubua ukuta wa tumbo kwa miongo kadhaa, hata seli zikalazimika kugawanyika mfululizo na makosa ya jeni yakarundikana.

Miongoni mwa makosa hayo ni kuongezeka kupita kiasi kwa kipokezi kiitwacho HER2, ambacho hupatikana kwa wingi katika takriban saratani moja kati ya tano au sita za tumbo. Vipokezi hivyo vikisongamana juu ya utando, huungana viwiliviwili na kutuma amri ya ukuaji hata pasipo kichocheo, mithili ya kengele inayolia ilhali hakuna aliyeibonyeza. Katika saratani nyingine hupotea protini ya utando iitwayo E-kadherini, inayozishikamanisha seli na jirani zake, nazo zikiachana hupenya na kusambaa ukutani bila kufanya uvimbe unaoonekana kwa urahisi. Saratani ikishakua, hutoa kichocheo kingine, VEGF, kinachoiita mishipa mipya ya damu ije kuilisha, na kupitia mishipa seli zake huweza kufika kwenye ini na mapafu.

Kuzijua protini hizi kumeleta tiba mpya, kwa sababu kilicho juu ya utando kinaweza kufikiwa na dawa. Mwaka 2010 ilithibitishwa kwamba wagonjwa wa saratani iliyosambaa yenye HER2 nyingi, wakiongezewa kingamwili iitwayo trastuzumabu, huishi kwa wastani miezi 13.8 badala ya 11.1. Nyongeza hiyo ni ndogo, nayo inaonyesha jinsi dawa bora inavyobanwa na ugonjwa uliochelewa kugunduliwa. Uchelewaji huo ndio uliodhihirika katika Hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, ambako mapitio ya wagonjwa 232 yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa walio wengi mno walifika hospitalini saratani ikiwa imekwisha kukomaa.

Kwa mkazi wa Buigiri, wilayani Chamwino, elimu hii ina maana ya moja kwa moja. HER2 haipimwi kwa kubonyeza tumbo wala kwa kipimo cha kinyesi. Hupimwa katika kinyama kinachochukuliwa kwa endoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kooni, na kipimo hicho hutafutwa katika hospitali kubwa, kama vile Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Maumivu ya chembe ya moyo yasiyokoma, kushiba upesi, kukonda bila sababu, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami ni dalili zisizostahili kutulizwa mwezi baada ya mwezi kwa dawa za vidonda vya tumbo za dukani. Saratani ikigunduliwa ingali ndani ya ukuta wa tumbo, upasuaji unaweza kuiondoa kabisa, na hilo ni tumaini kubwa kuliko dawa yoyote inayoanza kutumika baada ya seli kusambaa.