UCHAWI, UGANGA NA DHIMA: MAANA YA NGUVU ZA SIRI KATIKA IMANI NA FASIHI, KWA MFANO WA MUNIGI

1.0 Utangulizi

Munigi ni makazi yaliyo kaskazini mwa mji wa Goma, katika usultani wa Bukumu, wilaya ya Nyiragongo, Jimbo la Kivu ya Kaskazini. Ardhi yake ni mawe meusi yaliyomwagwa na Mlima Nyiragongo, volkano yenye kimo cha mita 3,470 ambayo kilele chake kiko umbali wa kilomita zipatazo 18 kutoka mjini. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa kusini wa mlima huo ulipasuka, na nyufa zikateremka hadi karibu na Munigi. Lava iliyotoka humo ilivamia uwanja wa ndege, ikapita katikati ya Goma na kuingia katika Ziwa Kivu. Zipo nyumba zilizoteketea, na zipo nyingine, za jirani kabisa, zilizobaki zimesimama.

Mbele ya tukio kama hilo huzuka maswali mawili. Mtaalamu wa volkano huuliza: lava ilipitaje? Naye aliyepoteza nyumba huuliza: kwa nini yangu, na si ya jirani? Swali la kwanza lina jibu katika mteremko wa ardhi na mwelekeo wa nyufa. Swali la pili halijibiwi kwa vipimo, na ndipo lugha ya uchawi inapoingia.

Makala haya yanakusudia kueleza maana ya uchawi na maneno ya siri katika imani na fasihi ya eneo hilo, na kuihusisha na fasihi ya Kiswahili kwa jumla. Hoja inayotetewa ni kwamba lugha ya uchawi ni njia ya kutafuta dhima, yaani ya kujua nani au nini kiwajibike kwa jambo lililotokea. Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya simulizi, ambayo huiweka dhima juu ya tendo, na tuhuma, ambayo huiweka juu ya mtu.

2.0 Istilahi

Kiswahili kina msamiati mpana katika uwanja huu. Uchawi ni matumizi ya nguvu za siri kwa nia ya kudhuru. Uganga ni matumizi ya ujuzi wa dawa, na pengine wa nguvu hizo hizo, kwa nia ya kuponya au kukinga. Sihiri ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo husikika zaidi katika maandishi yenye athari ya Kiislamu. Yako pia majina ya vifaa na vitendo: hirizi huvaliwa mwilini, fingo huzikwa ardhini ili kulinda nyumba au mji, zindiko humkinga mtu au mahali, kafara hutolewa ili kuondoa balaa, na apizo ni neno la kumtakia mwingine shari.

Katika orodha hiyo ni muhimu kutambua nafasi ya neno linalotamkwa. Mzizi au kipande cha ngozi hakiwi hirizi kwa sababu ya umbo lake. Hakina budi kunuizwa. Mganga hukisemea, akitaja jina la mhusika na jambo linalotakiwa. Vilevile apizo halihitaji kifaa chochote. Neno peke yake latosha. Kwa hiyo nguvu inayodhaniwa kuwamo katika uchawi na uganga ni, kwa sehemu kubwa, nguvu ya kauli pamoja na nia ya msemaji.

Ama Kiswahili kinachozungumzwa Goma, kina istilahi yake. Mchawi huitwa mulozi, na wachawi ni balozi. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, ambaye balozi kwake ni mjumbe wa serikali katika nchi ya nje, aweza kushangaa asikiapo kwamba balozi wanaogopwa kijijini. Mzizi wa neno hilo ni ule ule wa kitenzi kuloga au kuroga, nao umeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Katika Kinyarwanda, lugha ambayo nayo husikika sana Goma, uburozi ni uchawi na ni sumu pia. Neno moja hubeba maana mbili ambazo daktari angezitenganisha. Anayesema kwamba fulani "amelogwa" aweza kuwa anataja tunguri, na aweza kuwa anataja kitu kilichotiwa katika kinywaji. Jambo lililo la pamoja katika maana zote mbili ni kuwapo kwa mtu aliyekusudia.

3.0 Mlima kama mahali pa hukumu

Katika imani za kale za nchi za Maziwa Makuu, hasa zile zinazohusu Ryangombe, milima ya Virunga ina nafasi maalumu. Ryangombe husimuliwa kuwa mwindaji mkuu. Siku moja mama yake aliota ndoto mbaya akamsihi asiende kuwinda. Hakusikia, alikwenda, akauawa na nyati chini ya mti wa umuko, ambao tangu hapo ukawa mti mtakatifu wa wafuasi wake. Roho yake ilikwenda kukaa katika milima ya Virunga, na mara nyingi hutajwa Karisimbi, mlima wa mita 4,507 ambao kilele chake hugeuka cheupe kwa mvua ya mawe na theluji. Wale waliofunzwa siri za ibada yake, yaani kubandwa, waliaminiwa kwenda kuishi naye huko kwa raha. Wasiofunzwa walitupwa katika moto wa Nyiragongo.

Hapa mlima wa moto si mchawi wala hautumwi na mchawi. Ni mahali pa hukumu, na hukumu hiyo hutegemea jambo ambalo mtu amelifanya au ameacha kulifanya. Ryangombe mwenyewe, pamoja na ukuu wake, alikufa kwa kulipuuza neno la mama. Simulizi hiyo haimtafuti adui wa kumlaumu. Inaliweka kosa mahali linapoonekana.

4.0 Mwindo: fimbo, neno na mipaka

Mfano mwingine unatoka katika jimbo hilo hilo. Wanyanga wa Walikale, magharibi mwa Goma, wanao utendi wa Mwindo. Simulizi moja ndefu ya utendi huo ilirekodiwa mwaka 1956 na Daniel Biebuyck kutoka kwa fanani She-Karisi Rureke, ikachapishwa mwaka 1969 kwa ushirikiano na Kahombo Mateene, mtaalamu wa isimu ambaye mwenyewe alikuwa Mnyanga.

Shemwindo, mtemi wa Tubondo, aliamuru wake zake wazae mabinti tu. Mwindo, mwana wa kiume, akazaliwa akiwa anatembea na kusema, na mkononi ameshika conga, yaani mgwisho. Baba alijaribu kumwua kwa njia mbalimbali, hata akamtia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mwindo alinusurika, akamfuata baba yake hadi kuzimu, akamrudisha, na mwishoni akapatana naye.

Mambo mawili yanahusu mjadala huu. Kwanza, conga haifanyi kazi kimya. Mwindo huimba na kutaja analolitaka, ndipo conga hutenda; kwa conga na neno aliwafufua watu wa Tubondo waliokwisha kufa. Pili, nguvu hiyo ina mpaka. Mwindo alipokwisha kuwa mtemi alimwua Kirimu, joka lililokuwa limechanjiana damu na Nkuba, bwana wa radi. Nkuba alimchukua hadi mbinguni, na huko Mvua, Mwezi na Jua wakamtesa na kumkemea kwa majivuno yake. Alipodumu huko mwaka mmoja alirudishwa duniani, akawawekea watu wake amri za kuishi kwa amani, kulima, kutowadhihaki wagonjwa na kutofuata wake za watu.

Utendi, basi, unamtukuza mwenye nguvu za siri kisha unamshusha. Shujaa anarudi kijijini akiwa na sheria, na sheria hiyo yampasa yeye kama inavyowapasa wengine. Hadhira iliyomsikia fanani iliondoka na kipimo cha matendo, wala haikuondoka na jina la mtu wa kumwogopa.

5.0 Fasihi ya Kiswahili

Mwelekeo huu unaonekana pia katika fasihi ya pwani na ya bara. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhammad Kijumwa aliyatungia utenzi mwaka 1913, mwili wa shujaa haudhuriki ila kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo ilitolewa nje na mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa zawadi. Kinga ya ajabu ipo katika hadithi ili usaliti uonekane wazi: yule ambaye majeshi hayakumweza aliangushwa na mtu wa nyumbani mwake.

Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze (1952), anawaonyesha ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa manyani na jini kwa sababu ya waliyomtendea ndugu yao Adili. Majina yao yanatangaza makosa yao. Sihiri hapa ni adhabu yenye sababu inayojulikana, na msamaha ukipatikana adhabu huondoka.

Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), analeta tatizo zito zaidi. Tamthilia hiyo inahusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, ambamo maji yaliyotolewa na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yaliaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi za Wajerumani. Maji yaliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali, jambo ambalo hoja za kawaida hazikuweza kulifanya. Wakati huo huo yaliwapeleka wengi kwenye mauti. Mwandishi hamdhihaki aliyeamini. Anaonyesha kwamba neno likishatamkwa mbele ya umma huwa mali ya umma, na aliyelitamka hawezi tena kulirudisha. Dhima ya msemaji ndiyo kiini cha tamthilia.

6.0 Mazuku: neno lililovuka mpaka

Katika uwanda wa Goma kuna neno ambalo linaunganisha imani na sayansi. Mazuku ni mabonde madogo ambamo watu na wanyama hukutwa wamekufa bila jeraha, hasa alfajiri. Mengi yako magharibi mwa mji, upande wa Sake na kando ya ziwa. Msikilizaji wa Kiswahili husikia ndani ya neno hilo kitenzi zuka, na karibu yake nomino mzuka, yaani pepo atokeaye ghafla.

Sababu yake imeelezwa vizuri. Hewa ya ukaa hupenya kutoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mahali pa chini usiku usipokuwa na upepo. Haina rangi wala harufu. Mtoto na mbuzi huzidiwa kabla ya mtu mzima, kwa kuwa pua zao ziko karibu na ardhi. Wanasayansi wanaochunguza volkano za Virunga wamelichukua neno mazuku kama lilivyo na kulitumia katika maandishi yao ya kigeni.

Mfano huu una thamani kubwa. Aliyeita mahali hapo kwa jina hilo hakuwa amekosea katika lililo muhimu: alisema kwamba kuna kitu kisichoonekana, kinachozuka usiku na kuua, na kwamba mahali pake pajulikane na kuepukwa. Neno lilitaja mahali, kwa hiyo liliokoa watu. Lakini kifo hicho hicho kikielezwa kwa kumtaja mulozi, bonde linabaki na hewa yake, na jirani asiye na hatia huingia hatarini.

Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 juu ya Wazande, alieleza kwamba wao walijua vizuri kuwa ghala huanguka kwa sababu mchwa wameila miti yake. Walichouliza ni kwa nini liliwaangukia watu fulani katika saa fulani. Swali hilo ni la binadamu wote. Hatari yake ni kwamba jibu linalokuwa jina la mtu huangukia mara nyingi wasio na mtetezi: mjane mzee, yatima, mtoto mwenye kifafa. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 41, inakataza kumtuhumu mtoto kwa uchawi, na sheria ya kumlinda mtoto ya mwaka 2009 inaweka adhabu. Kuwapo kwa sheria hizo ni ushahidi wa ukubwa wa tatizo.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba uchawi katika simulizi za Ryangombe na Mwindo, na katika kazi za Kiswahili zilizotajwa, hutumika kupima matendo: kutosikia, majivuno, usaliti, husuda, na neno lisilofikiriwa. Mtafiti anayezikusanya simulizi hizo hana haja ya kuziamini wala kuzicheka. Linalompasa ni kuuliza, kila linapotajwa neno la siri, dhima imewekwa wapi.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipasuka tena, na lava ikasimama kwenye kingo za kaskazini za Goma. Maswali yale mawili yalirudi kwa majirani wa Munigi. Kazi ya mwalimu wa fasihi katika eneo kama hilo ni kuonyesha kwamba wahenga walikuwa na njia ya kulijibu swali la pili bila kumtoa mtu kafara, na kwamba njia hiyo bado imo katika hadithi zao.